Mwezi una siku ngapi leo?

Jioni ya Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, nilikuwa nimesimika kamera mchangani Bagamoyo, karibu na soko la samaki. Lenzi ndefu nimeielekeza mashariki, katikati ya bahari, nasubiri mwezi utoke majini. Pembeni yangu, chini ya mkungu, mzee mmoja alikuwa anashona wavu. Nilimwamkia nilipofika, akaitikia, kisha kila mtu akaendelea na lake. Jua lilipokaribia kuzama akaniuliza bila kuinua macho:

"Mwanangu, leo mwezi una siku ngapi?"

"Leo ni mpevu, mzee."

"Nimeuliza siku."

Sikujua. Tarehe nilikuwa nayo, saa ya mwezi kuchomoza nilikuwa nayo kwenye simu, lakini siku za mwezi sikuwa nazo. Akanihesabia mwenyewe. Idi ya kuchinja huswaliwa mwezi kumi, watu wameswali Jumamosi, basi leo ni kumi na nne. "Na mwezi kumi na nne wa wakati wa kusi," akasema, "hautoki hapo ulipoelekeza mtambo wako. Utatoka kule." Akanyoosha sindano yake ya nyavu kulia kabisa, upande wa Mbegani, ambako mbele ya macho si bahari tupu bali mikoko.

Nilibeba tripodi nikaanza kukimbia ufukweni kutafuta pengine pa kusimama. Sikufika mbali. Mwezi ulikuwa umeshachungulia juu ya mikoko, mwekundu, mzima, mahali ambapo sikuwa na kitu chochote cha kuupiga nacho. Kwenye simu nilikuwa nimesoma saa tu. Upande sikuusoma, ingawa ulikuwa umeandikwa palepale chini yake.

Yule mzee hakuwa na simu ya kumwambia hayo, wala hakuihitaji. Mwezi mpevu hukaa upande wa pili wa jua, jua huku, wenyewe kule. Juni jua letu linazama kaskazini ya magharibi, kwa hiyo mwezi unatoka kusini ya mashariki. Desemba mambo hugeuka. Na mwaka 2024 na 2025 ilikuwa miaka ambayo mwezi hufika mbali kuliko kawaida yake, kaskazini na kusini, jambo linalorudi kila baada ya miaka 18.6. Jioni ile ulichomoza nyuzi 28 hivi kusini ya mashariki halisi. Ukiipanga miezi bega kwa bega, hapo inaingia hamsini na zaidi. Ndivyo nilivyokosea, kwa miezi hamsini.

Mimi kazi yangu ni picha za sherehe. Nimepiga Dar es Salaam kwa miaka 11: harusi, sendofu, kicheni pati, mahafali. Mwezi ulinianza usiku mmoja Kigamboni, sherehe imekwisha, vijana wanakunja turubai, nikauona juu ya minazi nikasema ngoja niupige. Nilichopata ni sahani nyeupe. Duara lililoungua, bila alama, kama taa ya barabarani iliyo mbali. Nikapiga tena, sahani. Nilirudi nyumbani na sahani arobaini.

Kosa lilikuwa la kuiachia kamera iamue. Kamera hupima mwanga wa fremu nzima, na ikikuta fremu imejaa weusi na kipande kimoja tu cheupe katikati, inaona hapa ni gizani, inaacha shata, yaani kile kilango cha kuingizia mwanga, wazi muda mrefu ili kulinusuru giza. Giza linapata kijivu kisicho na maana na mwezi unaungua. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa jambo ambalo sasa naona lilikuwa wazi siku zote: sisi ndio tuko usiku, mwezi wenyewe uko mchana. Ni jiwe lililopigwa na jua lilelile linalompiga bwana harusi saa sita pale nje ya ukumbi. Tena ni jiwe jeusi kiasi, linarudisha asilimia 12 hivi tu ya mwanga unaolifikia, kama lami kuukuu. Weupe tunaouona unatokana na giza lililouzunguka.

Wapiga picha wana kanuni ya zamani kwa ajili ya mwezi mpevu: f/11 (upana wa tundu la lenzi, na namba ikipungua tundu linapanuka), ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata 1/100 (sehemu ya sekunde). Jaribu hiyo kwanza, ndipo uongeze au upunguze. Mwezi ukiwa nusu fungua mpaka f/8 au hata f/5.6, kwa sababu jua linaupiga kiubavu na vivuli vinakula mwanga. Weka kamera kwenye manyuo, yaani wewe mwenyewe ndiye mpangaji, na usirudi nyuma.

Baada ya hapo nikataka lenzi ndefu. Nilikuwa na fedha ya mtumba, nikanunua 70-300mm kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Nje ilikuwa inang'aa. Usiku wa kwanza mwezi ulitoka na utusitusi kuuzunguka, kama unatazama kupitia chandarua. Nikadhani ni hewa. Usiku wa tatu hewa ilikuwa safi na utusitusi uko palepale. Nikafungua mifuniko yote miwili, nikawasha tochi ya simu nyuma ya lenzi, nikachungulia kwa mbele kwa kuinamisha. Ndani, kwenye kioo cha pili au cha tatu, kulikuwa na nyuzi nyembamba za kijivu zinazotawanyika kutoka ukingoni kwenda katikati, zimekatana, kama buibui ameanza kazi akaiacha. Kuvu. Joto na unyevu wa Pwani huliotesha kuvu kwenye vioo vya lenzi iliyokaa kabatini, na likishang'ata ile rangi ya kioo, hata fundi akisafisha alama inabaki.

Fundi alinisaidia kwa kadiri ilivyowezekana. Tangu hapo sinunui lenzi bila tochi, na zangu zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kwenye harusi kuvu dogo halionekani. Mwezi, kwa kuwa ni mwanga mkali katikati ya weusi, unalianika lote.

Kuna namba moja ambayo ningefurahi kama mtu angenipa mwanzoni kabisa: 110. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kwetu, na upana wake ni kilomita 3,474. Gawanya umbali kwa upana, unapata 110 na kidogo. Namba hiyo inafanya kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni kukwambia mwezi utakuwa na ukubwa gani ndani ya kamera. Chukua urefu wa lenzi, gawanya kwa 110. Lenzi ya milimita 300 inauweka mwezi wa milimita 2.7 juu ya sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa ya kamera yangu, ya ukubwa wa kati, ina kimo cha milimita 15 na ushee, kwa hiyo mwezi unashika moja ya sita tu ya kimo cha picha. Kwa kamera ya megapikseli 24 hizo ni pikseli 700 hivi kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa kuitazama kwenye simu zinatosha kabisa, kwa kuchapa bango hazitoshi. Lenzi ya milimita 600 inakupa mara mbili. Niliwahi kuazima 150-600mm kwa rafiki na nilifurahi nayo, lakini ni uzito wa kilo mbili, na kila kosa lako inalikuza mara mbili vilevile.

Kazi ya pili ndiyo niliyoipenda. Kitu chochote kikiwa mbali nawe mara 110 ya ukubwa wake, kinaonekana sawasawa na mwezi. Mtu wa mita 1.7 analingana na mwezi akiwa umbali wa mita 187. Mnara wa mita 20 unalingana nao ukiwa kilomita 2.2. Maharusi huniletea picha walizoziona mtandaoni, wawili wamesimama mbele ya mwezi uliowazidi kimo, wanataka kama ile. Siku hizi nawaeleza: mtasimama mbali nami kuliko viwanja viwili vya mpira, nitawaambia kwa simu mgeuke upande gani, na tutakuwa na dakika mbili. Mwezi husogea upana wake wote kila dakika mbili hivi. Wengi wakisikia hivyo wanachagua picha ya kawaida. Waliokubali, wawili tu mpaka sasa, walijua wanachokitaka.

Watu huamini mwezi wa upeoni ni mkubwa kuliko wa utosini. Mimi pia niliamini, mpaka nikapiga wote kwa lenzi moja usiku mmoja nikaulinganisha: sawa. Ukubwa ule uko machoni mwetu. Kinachobadilika kweli ni umbali wake mwezi hadi mwezi, maana unazunguka kwa kukaribia na kuachana, kuanzia kilomita 356,000 na kitu hadi 406,000 na kitu, na hilo utaliona ukiweka picha mbili pamoja. Picha ya mwezi mkubwa nyuma ya jumba inatokana na mpiga picha kurudi nyuma, nyuma zaidi, mpaka jumba likawa dogo.

Kwenye ukali wa picha nimepoteza usiku mwingi kuliko penginepo pote. Nilikuwa na tripodi nyepesi ya kukunjwa, na kwa upepo wa ufukweni lenzi ya milimita 300 inatetema hata kama mkono haujaigusa. Sasa nazamisha miguu mchangani mpaka igome, nanyonga begi la kamera katikati ya tripodi, na mguu wa katikati sinyanyui kamwe. Kile kioo cha ndani ya kamera kinapojibamiza juu nacho hutikisa, kwa hiyo napiga kwa kutazama skrini, kioo kikiwa kimeshapanda, na kwa taimeri ya sekunde mbili. Kitulizi cha lenzi nakizima: lenzi yangu ikiwa juu ya tripodi, kinautafuta mtikisiko ambao haupo na kinauleta chenyewe.

Kufokasi nafanya kwa mkono. Ile alama ya mwisho kwenye pete ya lenzi, ya mbali kabisa, si mwisho wa kweli. Pete inapita kidogo. Nakuza skrini mara kumi, natafuta mpaka wa kivuli mwezini, nazungusha mbele na nyuma mpaka ncha za mashimo zikatike kama kisu. Halafu naipiga gundi ya karatasi ili isisogee.

Na huo mpaka wa kivuli ndio penyewe. Rafiki zangu wapiga picha wote hutoka na kamera mwezi ukiwa mpevu, nami nawaambia ukitaka kuuona mwezi toka ukiwa na siku saba au nane. Mwezi mpevu jua linaupiga usoni, hauna kivuli, na uso usio na kivuli ni bapa, kama picha ya pasipoti. Ukiwa nusu, pale mwanga unapokutana na giza, kila ukingo wa kreta, yaani shimo la mwezini, unanyanyuka na kila shimo linazama. Usiku mmoja wa Julai, hewa kavu ya kusi, nilihesabu mashimo sita yaliyotumbukiana ndani ya shimo moja kubwa upande wa kusini. Nililala saa tisa usiku.

Mwezi mpevu una zawadi yake nyingine, ile kreta ya Tycho yenye miale inayotawanyika karibu uso mzima. Tycho peke yake ina upana wa kilomita 85. Dar es Salaam hadi Unguja mjini ni kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mlango wote wa bahari tunaouvuka kwa boti ungeingia humo na nafasi ikabaki. Namwambia hivyo kila anayechungulia kwenye skrini yangu, na kila mara mimi mwenyewe nanyamaza kidogo.

Jambo moja lilinisumbua mwanzoni. Nililinganisha picha zangu na za watu wa Ulaya nikaona zangu zimelala. Kwao Tycho iko chini. Kwangu, mwezi ukichomoza Tycho iko kulia, na ukizama alfajiri iko kushoto. Nikafikiri nimeinamisha kamera. Kumbe ndivyo ulivyo kwetu, karibu na ikweta: unapanda wima, unapita karibu na utosi, unashuka wima, na uso wake unaonekana umegeuka njia nzima. Ndiyo maana hilali yetu hulala chali kama ngalawa na kwao husimama kama mundu. Bibi yangu alikuwa akituonyesha mwezini mwanamke aliyejitwika mzigo wa kuni. Alituonyesha jioni tu, mwezi ukiwa unatoka. Nilipokuwa mtoto niliamka alfajiri moja nikamtafuta yule mwanamke nikamkosa, nikamwambia bibi, naye akasema ameshatua mzigo. Miaka thelathini baadaye nimeweka picha ya jioni na ya alfajiri pamoja, nikaona ni kweli mzigo umeshuka upande wa pili.

Huko kupanda wima ni baraka kwa mpiga picha. Kaskazini ya mbali mwezi ukichomoza unateleza kiubavu, unatoka nyuma ya mnara kabla hujavuta pumzi. Kwetu unapanda juu ya kitu kilekile ulichokipanga. Ukipata mahali pa kusimama, umepata.

Mwezi ulipopatwa, Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, nilikuwa kwangu, juu ya paa. Nilijiandaa siku tatu. Kivuli cha dunia kingeanza kuung'ata saa 1:27 usiku, ungefunikwa wote saa 2:30, na kubaki hivyo kwa dakika 82. Saa moja na dakika ishirini nikatoa lenzi kwenye chumba ninachohaririia picha, chumba cha kiyoyozi, nikapanda nayo juu. Ilipokutana na hewa ya nje ikafunga ukungu mbele, ukungu mzito, matone. Nikafuta, ukarudi. Nikafuta tena, nikaacha michirizi. Kioo baridi kwenye hewa yenye unyevu hakibishani na kitambaa. Dawa yake ni muda, nusu saa ndani ya begi lililofungwa, hewa iingie taratibu. Nilikosa mwanzo wote. Picha yangu ya kwanza safi ni ya saa mbili kasoro dakika kumi, robo ya mwezi imeshaliwa.

Kisha ukawa mwekundu. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliopenya kwenye hewa ya dunia na kupindwa, mwanga wa machweo yote na mapambazuko yote ya saa ileile, umemwagwa mwezini. Lakini ni mwanga kidogo mno. Nilikuwa kwenye 1/250, nikajikuta naenda kwenye sekunde nzima, ISO 1600, lenzi imefunguka mwisho wake. Kwa sekunde nzima mwezi unateleza pikseli tano au sita kwenye lenzi ya milimita 300, na picha inakuwa laini kama sufi. Nikapandisha ISO mpaka 3200 nikakata muda hadi nusu sekunde. Chenga, zile punjepunje za picha, zikaongezeka, ukali ukarudi. Nilichagua chenga. Mtaani kwetu msikiti ulikuwa umeanza swala ya kupatwa kwa mwezi, kisomo kirefu kinatoka kwenye spika, majirani wametoka nje wamesimama vibarazani, watoto mabegani. Kuna dakika kama kumi hivi ambazo sikupiga kitu. Nilikaa nikatazama.

Mwezi uliofuata nikarudi Bagamoyo. Safari hii nilikwenda mapema, bila kamera, nikamtafuta yule mzee. Nilimkuta palepale, na jina la watu kumwita nikalijua: Nahodha. Nikamweleza ninachotaka. Nataka mashua, nataka mwezi nyuma yake, nataka mashua isiondoke.

"Basi njoo mbalamwezi," akasema. "Mashua ya mwanangu inavua dagaa kwa taa. Mbalamwezi dagaa hawaifuati taa, wana taa yao kubwa juu. Siku hizo inatia nanga, vijana wanapumzika. Itakuwa pale." Akanionyesha.

Muda wote huo wa kutafuta vitu vya kuweka mbele ya mwezi, na siku ambazo mwezi ni mzima ndizo siku ambazo mashua za taa zinalala. Nilikuwa naishi mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwenye jibu hilo.

Mashua ile ina mashine siku hizi lakini mlingoti wake bado upo, mita 5 hivi. Mara 110, mita 550. Nikatembea ufukweni na ramani ya simu mpaka nikapata mahali ambapo mashua iko umbali huo na iko kwenye mstari wa mwezi, ambao jioni hizo ungetoka kaskazini kidogo ya mashariki. Nilikuwa nimefanya na hesabu nyingine: kwa lenzi ya milimita 300 na f/8, kitu kilicho mita 550 na mwezi wenyewe vyote hutoka safi kwa fokasi moja. Mashua ingekuwa mita 50, kimoja kingefifia. Nikachomeka kijiti mchangani, juu ya alama ya maji. Nahodha akakitazama kile kijiti, akatazama bahari, akasema, "Bamvua hii maji yanajaa saa kumi. Saa kumi na mbili yanatoka kwa nguvu. Mashua itageuza omo na kuvutwa na kamba yake. Sogea hatua ishirini huku." Nikasogea. Mita tano za kusogea, kwa umbali ule, ni mwezi mzima.

Jumatatu tarehe 6 Oktoba mwezi ulitoka jua halijazama. Ulipita nyuma ya mlingoti umepauka, rangi ya maganda ya kitunguu, mwembamba kwenye utusi wa bahari hivi kwamba nilikuwa nautafuta kwa kidole kwenye skrini. Nikapiga, 1/250. Nikavunjika moyo kidogo, nikalala Bagamoyo.

Jumanne nikasogea kuufuata mstari mpya wa mwezi, na jua likazama kwanza. Dakika ishirini hivi baadaye, mbingu ya buluu iliyoiva, ukatoka mwekundu wa papai, umebonyea chini kwa hewa nzito ya upeoni, ukapanda wima nyuma ya mashua mpaka mlingoti ukaugawa katikati. Maji yalikuwa yanatoka na mashua imegeuza omo, kamba imekaza, sawasawa na alivyosema. Shata 1/60, ISO 800. Mashua inayumba, kwa hiyo nilipiga nyingi ili nipate moja iliyotulia. Nilipata tatu.

Asubuhi nikampelekea Nahodha kamera chini ya mkungu. Nikamwonyesha ya Jumatatu na ya Jumanne bila kumwambia ipi ni ipi. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali kidogo na macho.

"Huu jua lilikuwapo. Kumi na tatu." Akabonyeza kwenda mbele. "Na huu kumi na nne."

Nikamuuliza nimchapie upi. Nilikuwa na uhakika na jibu, nilikuwa nimeshapanga na fremu. Yeye akarudi kwenye ule wa kwanza, uliopauka. Akaniomba nimkuzie mashua, siyo mwezi. Kwenye picha ya pili mashua ni kivuli cheusi. Kwenye hii jua la jioni lilikuwa mgongoni kwangu na limeimulika yote, rangi ya kijani ubavuni, ukanda mweupe, kiraka cha ubao mpya karibu na tezi, na shati la mtu limeanikwa kwenye kamba.

"Kiraka hiki nilikipiga mimi," akasema. "Nichapie hii."